Ngurumo kwa Saa ya Kinshasa

Tonton Saidi, mzee niliyemwita mjomba ingawa hatukuwa ndugu, alizikwa Jumanne, na Alhamisi nikapanda pikipiki kutoka Makiso kwenda Mangobo, mitaa miwili ya Kisangani, kukaa matanga pamoja na watu wake. Ua ule naujua hata nikifumba macho: mlango wa bati unaolalamika, viti vya plastiki, baraza ambako marehemu alitengeneza baiskeli mpaka vidole vikakataa. Hata hivyo nilisimama nje muda mrefu, dereva wa pikipiki akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa naogopa. Mwaka mmoja wa ujana wangu niliandika neno baya juu ya mtu huyu, neno la uongo, nikalifuta, kisha sikumwambia kamwe. Nilijipa sababu nyingi: leo ana wageni, leo anaumwa, nitamwambia sikukuu. Sasa yeye yuko udongoni na neno langu bado liko kooni. Mama Zuena, mjane wake, aliniona kwanza. "Béa, unasimama huko libanda kama mudai? Ingia, wali iko moto." Nikaingia. Ukutani, kwenye msumari uleule, ilining'inia saa yake ya mkono. Nilitazama simu yangu, nikatazama saa ile. Ilikuwa nyuma kwa saa moja kamili. Nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya watu wanaolia, nikaziba mdomo kwa kitambaa.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwaka wa mwisho wa fizikia, na nilikuwa najiona. Watu walioniita Béatrice bila kuongeza "mwanafizikia" niliwavumilia tu. Profesa wetu alikuwa na ofisi yenye dari iliyochorwa na maji ya mvua, feni isiyozunguka, na meza iliyosimama kwa msaada wa kamusi mbili. Siku moja aliniita humo, akanipa kiti kizuri, yaani kile chenye mgongo, akaniuliza: "Béatrice, unaogopa radi?" Nikasema hapana, uongo. Akasema vizuri, basi nimekupatia kazi ya mémoire, andiko la kumalizia masomo. Akaniambia kuna darubini inayozunguka dunia juu ya hewa yote, kwa sababu miali ya gama haipiti hewa, inafia juu. Kazi ya darubini ile ni kuvizia milipuko mifupi, isiyofika hata sekunde mbili. Nyota mbili zilizokufa zamani, ndogo kuliko mji lakini nzito kuliko jua letu, zinazungukana, zinakaribiana, zinagongana, na kabla hujapepesa jicho zimetoa mwanga unaoshinda nyota zote za jirani. Kisha kimya. Kinachobaki ni doa la mwanga hafifu linalofifia haraka, na ili kulikamata ni lazima darubini kubwa ya ardhini, huko ng'ambo ya Atlantiki, igeuzwe upande ule usiku uleule. Kesho yake ni kuchelewa.

"Na sisi tunaingia wapi?" niliuliza. Profesa akaelekeza kidole dirishani, kule mawingu yanakojipanga kila mchana juu ya msitu. Mawingu yetu nayo yanatupa miali ya gama kwenda juu wakati wa radi, akasema, miali mifupi kupita kiasi. Darubini ikipita juu ya Kongo inaona mmweko mdogo, dhaifu, na watu wake wanabaki wanakuna kichwa: hii ni nyota zimegongana mbali, au ni radi ya huku kwetu Tshopo? Vyombo vya kusikiliza radi huku kwetu vilikuwa vichache. "Wanataka masikio," akasema Profesa. "Mtu wa kuandika kila ngurumo, saa na dakika. Wakituma habari, wewe unajibu: radi ilikuwepo au haikuwepo. Ukisema ilikuwepo, wanaacha. Ukisema haikuwepo, wanageuza darubini kubwa." Aliinamia meza, ikayumba. "Neno lako moja tu, Béatrice. Usiniaibishe."

Masikio yenyewe aliyatafuta Profesa mwenyewe. Tonton Saidi alikuwa mtu wa zile familia za Waislamu wa tangu zamani za biashara hapa mjini, lakini yeye biashara haikumpenda. Alikuwa fundi wa mashine kwenye mashua za mto, Kisangani kwenda Kinshasa na kurudi, mpaka mgongo ulipomshusha. Alipostaafu akawa anatengeneza baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, akiwa barazani kwake kutwa nzima bila kwenda popote. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa. Siku ya kwanza nilimpelekea daftari na kalamu mbili, nikajifanya mkubwa. "Tonton, saa yako iko juste?" Alinitazama kana kwamba nimetukana mama yake. "Mutoto wa université, sikia. Kila asubui naiangalisha na radio. Miaka yote ile ku mashine, haikupoteza hata dakika moja. Weye saa yako iko wapi?" Sikuwa na saa. Nilikuwa na simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, ambayo nilizoea kuizima ili kutunza chaji. Basi kuanzia siku ile nikanakili alichoandika, nikitoa saa mbili ili kupata saa ya ulimwengu, ile inayotumiwa na darubini, kwa kuwa Kisangani tuko mbele kwa saa mbili. Hesabu ya mtoto wa shule. Niliifanya bila kufikiri, na kila mara nilipoifanya nilikosea.

Miezi ile naikumbuka kwa chakula kuliko kwa fizikia. Nilifika kila alasiri, na Mama Zuena hakukubali niguse daftari kabla sijagusa sahani. Lituma, ndizi zilizopondwa na kufinyangwa vizuri, na pondu, kisamvu chenye mafuta ya mawese, na samaki wa kukaushwa kwa moshi ambaye harufu yake ilibaki kwenye karatasi zangu. Profesa alikuwa ananusa ripoti kabla ya kuisoma. Nilijifunza ndoa ni nini katika ua ule kwa kusikiliza tu. Mama Zuena alilalamika juu ya chumvi, juu ya minyororo ya baiskeli chini ya kitanda, juu ya mume anayeinuka katikati ya chakula kwa sababu mbingu zimekohoa. "Mi naongea naye, yeye anaongea na radi!" Na Tonton, kidole juu, mdomo umejaa: "Chut! Hiyo ni ya pili." Kisha anaandika, taratibu, kwa herufi za fundi. Mara nyingi darubini haikutuuliza kitu. Ilipouliza, mbingu zetu zilikuwa safi tangu asubuhi, au mvua ilikuwa inapiga tangu mchana mpaka jioni, na jibu lilikuwa rahisi, saa moja mbele au nyuma isingebadilisha chochote. Ndivyo kosa lilivyopata mahali pa kulala miezi yote ile.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la kuchoma. Nilikuwa Makiso tangu asubuhi, maktaba, humo ndani ambamo husikii hata lori likipita, na mvua ilipokuja ilikuja kwa ghafla, ikanguruma, ikaondoka, nami sina habari. Nilipita Mangobo nikanakili ngurumo za siku kwenye karatasi bila kula, kwa haraka, Mama Zuena akinifuata na maneno mpaka barabarani. Kisha nikarudi Makiso, kwenye chumba cha mtandao cha Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyeuza vitenge mbele na intaneti nyuma. Nikafungua barua. Darubini ilikuwa imeona mmweko mmoja, mfupi sana, ilipokuwa juu yetu. Nilitoa karatasi yangu, nikafanya hesabu yangu ya saa mbili, na moyo ukaruka. Saa saba na dakika arobaini mchana, ameandika: ngurumo kubwa, karibu, madirisha yametetemeka. Na mmweko wa darubini, ukiuleta kwenye saa ya Kisangani: saa saba na dakika arobaini. Dakika ileile! Tangu tuanze hatujapata kitu cha namna hiyo. Niliandika: radi, kwa uhakika, dakika ileile, msipoteze muda. Nikatuma. Nilimwambia Papa Kambale kwamba leo Kisangani imeingia kwenye sayansi ya dunia. Akasema vizuri, je, ninataka kitenge?

Nilirudi Mangobo karibu nikiruka. Nilitaka kumwambia Tonton kwamba ngurumo yake imesikika mpaka ng'ambo. Walikuwa wameanza kula, wakanisogezea sahani, nikaeleza yote huku nikimeza. Tonton alitabasamu kama bwana harusi. Mama Zuena ndiye aliyeweka kijiko chini. "Saa saba na arobaini? Weye Saidi, mi nilikuwa nimeanika manguo wakati ile. Jua ilikuwa kali! Mvua ilikuya saa nane imeshapita, nilikimbia kuanua na Zuena, uliza yeye." Zuena, binti yao, akaitikia kwa kichwa. Tonton akapiga daftari kwa kofi. "Iko hapa! Saa saba na arobaini, nimeandika mi mwenyewe!" "Bon, umeandika," akasema mkewe, "umeandika saa ya Kinshasa!" Wote wakacheka, hata Tonton mwenyewe, kicheko cha mambo yaliyozoeleka. "Huyu mubwana," Mama Zuena akanieleza huku akijifuta macho, "anakula Kisangani, analala Kisangani, saa yake iko Kinshasa. Ku mashua walikuwa wanafuata saa ya kule, na tangu ashuke hajabadilisha. Siye humu ndani tunaongezaka tu saa moja, ni habitude, tumezoea." Radio kila asubuhi inataja saa ya Kinshasa kwanza, kisha ya huku mashariki. Tonton alikuwa anaifuata ile ya kwanza. Miaka yote. Kila mtu katika nyumba ile alijua, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu nani anamweleza mgeni kwamba maji yanalowesha?

Mimi sikucheka. Ngurumo ile ilipiga saa nane na dakika arobaini ya kwetu. Saa saba na arobaini, darubini ilipoona mmweko wake, juu ya Kisangani kulikuwa na jua na nguo za Mama Zuena. Hapakuwa na radi yoyote. Kitu kile kilikuwa kimetoka mbali, mbali sana, kimesafiri muda ambao akili yangu hata leo haiushiki vizuri, na mimi, Béatrice mwanafizikia, nilikuwa nimewaandikia watu kwamba ni radi ya Mangobo, waache. Orodha yao ya usiku, ya mahali pa kuelekeza darubini kubwa, walikuwa wanaifunga saa moja jioni ya huku kwetu. Nilisimama, sahani ikapinduka. "Tonton, nimeua nyota," nikasema, upuuzi mtupu, lakini ndivyo nilivyosema. Hakuuliza swali. Alimpigia mluzi mwendesha toleka aliyekuwa anangoja gurudumu lake litengenezwe, akalikaza kwa mizunguko miwili ya spana, akanisukuma juu ya kiti cha nyuma. "Kimbiza huyu Makiso! Usisimame hata kwa pasta wa kanisa!"

Matope, mashimo, mwendesha toleka anahema na kunilaumu kwa uzito wangu. Papa Kambale alikuwa ameshazima jenereta, anafunga milango ya bati. Nilimshika mkono, mtu mzima mwenye heshima zake, nikamwambia kuna kosa ninalotakiwa kulifuta kabla ya saa moja, baadaye halifutiki tena. Alinitazama, akaona uso wangu, akaguna. "Mungu wangu, hawa wanafunzi." Akarudi ndani, akamimina mafuta, akavuta kamba mara tatu, taa zikawaka. Kompyuta ile ilichukua muda wake kuamka, nami nilisali, mimi niliyekuwa najidai kutosali. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka, na hapo ndipo nilipojijua. Nilifikiri juu ya Profesa na meza yake inayoyumba. Nilifikiri juu ya mémoire. Na vidole vyangu vikaandika haraka, kwa Kifaransa safi kabisa: msikilizaji wetu ni mzee asiyesoma sana, saa yake ni mbovu, tunaomba radhi kwa niaba yake.

Niliyasoma. Hayakuwa na hata neno moja la kweli. Saa ile haikuwa mbovu, ilikuwa nzima kuliko mimi. Mzee yule alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu, kila ngurumo, mdomo umejaa chakula. Aliyetakiwa kuuliza ni mimi, na nilikuwa na miezi ya kuuliza. Niliona aibu hata masikio yakawaka. Lakini niseme ukweli wote: sikufuta mara moja. Nilikaa nikitazama maneno yale, kidole juu ya kitufe cha kutuma, jenereta ikikohoa nyuma yangu, muda wa kutosha kujua kwamba ningeweza. Ndipo nikafuta, herufi kwa herufi, nikaandika: "Nimekosea mimi. Saa ya msikilizaji inafuata Kinshasa, wala haina kosa. Sikumuuliza. Wakati wa mmweko hapakuwa na radi. Tafadhali tazameni." Nikatuma. Taa zikazimika karibu wakati uleule, nami nikabaki gizani bila kujua kama imekwenda.

Siku mbili zile sikula vizuri. Siku ya tatu Profesa alinitafuta mwenyewe, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, amebeba karatasi iliyochapwa. Nilijua nimekwisha. Akasoma kwa sauti, pale uani pa chuo, penye majani mabichi, wanafunzi wakipita: barua ya pili imewafikia kabla ya kufunga orodha, wamegeuza darubini kubwa, wameona doa hafifu pembeni mwa galaksi ya mbali, na usiku uliofuata doa lilikuwa limekaribia kuzimika. Nyota mbili zimegongana kweli, na wameziona kwa wakati. Halafu kulikuwa na mstari wa mwisho, Profesa akausoma mara mbili akicheka mpaka miwani ikateleza: tafadhali mwambieni mwenye saa asiibadilishe, kwa kuwa haijawahi kuguswa, tutaongeza saa moja kwenye maandishi yake yote ya mwaka, na yote yatakuwa sahihi. Nilikaa chini kwenye majani, na nguo yangu nzuri, nikalia. Ahueni gani ile! Sijapata nyingine ya kuifikia, hata siku nilipojifungua salama.

Nilimpelekea Tonton habari, nikamkuta ana bisibisi mkononi, anafungua saa ili airekebishe, uso umemshuka. "Nimekuharibia kazi, mwanangu." Nikamnyang'anya bisibisi. Nikamweleza ng'ambo wanaomba saa ibaki ilivyo, na Mama Zuena akapaza sauti kutoka jikoni kwamba sasa huyu mzee hataongeleka tena. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema lile neno langu. Alikuwa anacheka, mkono wake wenye grisi umeshika bega langu. Sikusema. Mwaka uliisha, mémoire ilipita, kazi ya masikio ikafungwa, nami nikaenda kufundisha Bafwasende, na niliporudi mjini nilikuwa nimeshazoea kunyamaza.

Basi Alhamisi ile, wali ulipokwisha, nilivuta kiti karibu na Mama Zuena nikamwambia. Yote: Kifaransa safi, mzee asiyesoma, saa mbovu, kidole juu ya kitufe. Nilikuwa na mvi zangu lakini nilisema kama mtoto aliyevunja chungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa. "Béa, lakini yeye alijua." Nikamuuliza alijuaje. "Kambale, mutu wa vitenge! Alikuwa nyuma yako na kidumu ya mafuta, alisoma yote. Kesho yake alikuya kutengeneza kinga, baiskeli yake, njo akamwambia Saidi." Nikamshika mkono. Na yeye alisemaje, Mama? "Alikasirika mpaka jioni. Halafu akaniambia: mutoto aliandika, lakini alifuta. Mwingine angeituma. Akasema tukuache, siku utasema mwenyewe." Akanipiga goti kwa kofi. "Umechelewa, lakini umesema."

Aliita Zuena, ambaye sasa ni mwanamke mwenye watoto wanne, naye akatoka chumbani na madaftari kifuani, mengi, ya miaka yote tangu kazi ile ifungwe. Hakuna aliyemwomba Tonton aendelee. Nilifungua la juu. Ngurumo, ngurumo, kwa herufi zilezile za fundi zilizoanza kutetemeka kurasa za mwisho. Na kila mstari ulikuwa na saa mbili, moja kando ya nyingine, kila moja na jina lake: Kinshasa, Kisangani. Nililia, lakini kilio chepesi, kile cha mtu aliyetua mzigo. Nje mawingu yalikuwa yamejipanga kama kawaida, na haikupita muda yakanguruma upande wa mto. Watu wote barazani wakageuka kutazama kiti kisicho na mtu.

"Alors?" akasema Mama Zuena, akinisukumia daftari na kalamu. "Unangojea nini? Andika. Na leo uliza vizuri, saa ya wapi."

Niliinuka, nikatazama saa ukutani, nikatazama simu yangu, nikaandika zote mbili.